Tundu Moja, Kasi Mbili

Ndugu msomaji, sisi vijana tunaojaribu kuandika tuna ugonjwa mmoja. Tunaandika mapenzi, tunaandika siasa, tunaandika mtu aliyerudi kutoka mjini akakuta mchumba ameolewa. Mimi mwenyewe nina madaftari matatu ya riwaya ambayo haijaisha, na juzi nilipoyasoma upya niligundua jambo la aibu: ndani yake hamna hata mhusika mmoja anayefanya kazi inayoeleweka. Wanaamka, wanapendana, wanasalitiana, wanalala. Nani anawalisha? Sijui. Mwandishi hajui!

Kwa hiyo leo naiweka riwaya pembeni niandike historia. Si historia ya mfalme wala ya gavana. Ni historia ya tundu. Tundu dogo la milimita 5 kwenye aluminiamu, ambalo lilinigharimu posho ya miezi miwili, na likamfanya mama mmoja mjane akae masika nzima bila madirisha.

Usicheke kwanza. Soma.

Kosa

Nilimaliza kidato cha nne, matokeo yakatoka, na yalivyotoka hayakunipeleka popote. Mjomba akaona nisije nikaishia kijiweni, akanipeleka kwa fundi mmoja wa milango na madirisha ya aluminiamu hapa Tarime mjini. Mzee huyo ana miaka zaidi ya sabini. Karakana yake ni banda la mabati lenye meza mbili, msumeno, jiliwa, drili ya mkononi na mashine moja ya kutobolea ya kusimama, ya zamani, yenye mkanda wa mpira unaohamishwa juu na chini kwenye puli za ngazi nne. Mimi niliiona ile mikanda kama pambo. Hapo ndipo kosa lilipozaliwa.

Mama mmoja kutoka vijijini, njia ya Nyamwaga, alikuwa ameuza ng'ombe ili nyumba aliyoiacha mumewe ipate madirisha. Wewe uliyezaliwa mjini huenda hujui uzito wa jambo hilo. Kwa Mkurya kuuza ng'ombe si sawa na kutoa hela benki. Ni kama kumtoa mtu nyumbani. Fundi alikata vipande vya fremu, akaviwekea alama, kisha akaenda Sirari kutafuta ribiti. Akaniambia, "Mura, ningoje. Usiguse."

Sikungoja. Nilitaka akirudi anikute nimemaliza, anisifu. Jana yake tulikuwa tumetoboa vyuma vizito vya bawaba za geti kwa biti nene, na mkanda ulikuwa bado umekaa kwenye puli ya mwendo wa pole. Nikafunga biti ya milimita 5, nikawasha, nikakandamiza. Haikuingia vizuri. Nikakandamiza zaidi. Wahenga si walisema haraka haraka haina baraka? Basi nikajisifu moyoni kwamba mashine inakwenda polepole, kwa hiyo niko salama.

Ndugu yangu, aluminiamu ilianza kujikunja kwenye biti kama ugali kwenye mwiko. Mifereji ya biti ikajaa, ikaziba. Tundu la kwanza likatoka na midomo, la pili likatoka yai badala ya duara. Mimi ni mkaidi, nikaendelea. Kwenye tundu la tisa biti ikang'ata, fremu ikanitoka mkononi, ikazunguka, ikanichana kiganja, na biti ikakatika ndani. Kovu ninalo mpaka leo.

Mzee aliporudi hakupiga kelele. Aliokota kile kipande cha biti, akakitazama palipoganda uji wa aluminiamu, akasema, "Umeitoboa aluminiamu kama chuma." Kisha akaongeza neno ambalo ndilo limezaa makala hii: "Mashine ilitaka kukimbia, wewe ukaishika. Mkono ulitakiwa kutulia, wewe ukaukimbiza."

Profaili nyingine ilibidi iagizwe Mwanza. Haikufika mapema. Masika ikaanza, na yule mama akaziba matundu ya madirisha kwa magunia na nailoni.

Hesabu ya mzee

Nilipopona mkono, mzee alinikalisha, akachukua chaki. Alisema kila tundu lina kasi mbili. Ya kwanza ni ya mashine: biti inazunguka mara ngapi kwa dakika. Ya pili ni ya mkono: unaisukuma biti ndani kwa haraka gani. Anayezichanganya hizo mbili ataharibu mali za watu maisha yake yote.

Kasi ya mashine ina hesabu, na hesabu yenyewe mwanafunzi wa darasa la saba anaiweza. Kinachokata ni ukingo wa biti, si katikati yake. Biti ya milimita 10 ina mzingo wa milimita 31.4. Ikizunguka mara 1,000 kwa dakika, ule ukingo umetembea mita 31.4. Sasa, kila metali ina mwendo inaoupenda. Kwa biti hizi za kawaida tunazonunua dukani, zile za chuma cha kasi, chuma laini kinapenda ukingo utembee mita 25 hadi 30 hivi kwa dakika. Aluminiamu inapenda mita 60 hadi 90, na hata kuzidi ikiwa mashine ni imara na kuna kilainishi cha kutosha. Yaani mara mbili au mara tatu ya chuma.

Fanya hesabu. Biti ya milimita 10 kwenye chuma inataka mizunguko 800 hadi 950 kwa dakika. Biti hiyohiyo kwenye aluminiamu inataka 1,900 hadi 2,900. Biti ikiwa nyembamba, mizunguko inaongezeka, kwa sababu mzingo ni mfupi na ukingo unabidi ukimbie zaidi kufikisha mita zilezile. Ya milimita 5 ingetaka 3,800 mpaka zaidi ya 5,700. Ikiwa nene, mizunguko inapungua: ya milimita 25 inatosheka na 760 hadi 1,150.

Sasa tazama nilichofanya siku ile. Mkanda ulikuwa kwenye mizunguko 500. Kwa milimita 5, ukingo wangu ulikuwa unatembea mita 8 tu kwa dakika! Mashine yetu hata ikiwekwa ngazi ya juu kabisa mwisho wake ni 2,500, ambayo inatoa mita 39. Haifiki pale vitabu vinapotaka, lakini tundu linatoka safi. Mita 8 hizo ni kukwangua, si kutoboa.

Kwa nini iwe hivyo? Aluminiamu ni laini, na inapitisha joto upesi, zaidi ya mara nne ya chuma cha kawaida. Lakini ina tabia ya kunata. Biti ikienda pole huku imekandamizwa, vipande vinaganda kwenye makali, vinajishona pale, na kuanzia hapo kinachokata si makali tena bali ni lile donge. Ndiyo maana tundu linakuwa baya. Ukingo ukikimbia, kipande kinakatika na kuondoka kabla hakijapata nafasi ya kuganda.

Upande wa mkono nao una sheria zake. Tia alama kwa panchi ili biti isitangetange. Funga kazi kwenye jiliwa, na kama ni bati jembamba weka ubao chini yake. Tia tone la mafuta ya taa; mafundi wengi wamefanya hivyo kabla ya vilainishi vya makopo kuja. Sukuma kwa uzito ulio sawa, usiiache biti isuguesugue bila kukata, maana kusugua nako kunazaa joto. Tundu likiwa refu, chomoa biti mara kwa mara itapike. Ukikaribia kutokea upande wa pili legeza mkono, kwa kuwa hapo ndipo biti inapong'ata. Na usivae glovu wala mikono mirefu ya shati karibu na kitu kinachozunguka.

Basi hayo ndiyo yote. Niliyaandika ukurasa mmoja na nusu. Lakini nilipouliza, "Mzee, haya nani aliyagundua?" akacheka, akasema niende nikasome, si ndiyo mimi nimekwenda sekondari?

Kabla ya mashine

Nikaanza kusoma. La kwanza nililogundua ni kwamba lugha yetu ilijua kutoboa kabla TANESCO haijazaliwa. Mafundi wa majahazi wa pwani walikuwa na keekee. Chuma chenye makali kinaingizwa kwenye mti uitwao msukano, juu kuna kishikio kiitwacho jivu, na kinachozungusha ni uta wenye kamba, unavutwa kwenda na kurudi kama mtu anayepiga zeze. Tazama maajabu: hata hapo kasi ni mbili! Mkono wa kulia unavuta uta, huo ndio mwendo wa kuzunguka. Mkono wa kushoto unakandamiza jivu, huo ndio mwendo wa kuingia. Fundi wa keekee asingeweza kuchanganya kasi hizo, kwa sababu kila moja ilikuwa na mkono wake. Mashine ndiyo iliyozificha.

Huku kwetu bara, masimulizi ya wazee wa magharibi ya Serengeti yanawataja Waturi, watu wa ukoo wa uhunzi, waliofua majembe na silaha na kuheshimiwa kwa moto wao. Na Wakurya wa zamani walijua somo jingine la tundu, lile la sikio. Kitundu kinaanza kidogo, kinawekwa kijiti, kikizoea kinawekwa kikubwa zaidi, miezi inapita, mpaka ndewe inaning'inia. Hakuna aliyethubutu kuanza na kijiti kinene. Nami leo ninapotoboa milimita 12 naanza na biti ndogo ya kufungua njia, ndipo ninaleta kubwa. Nikimwambia babu kwamba hiyo ni teknolojia, atanicheka.

Biti tunayoitumia leo, ile yenye mifereji iliyojisokota, ina hati ya mwaka 1863. Ni ya Mmarekani Stephen Morse wa Massachusetts. Kabla yake biti nyingi zilikuwa bapa kama ncha ya mkuki, zinakwangua lakini hazitapiki. Mfereji wa kusokota ndio ulioipa takataka njia ya kutokea.

Na aluminiamu yenyewe je? Hii metali tunayopikia ugali iliwahi kuwa johari. Mwaka 1884 Wamarekani walipomaliza mnara wa kumkumbuka George Washington waliweka kileleni kipande cha aluminiamu kisichofika hata kilo 3, na ilikuwa fahari. Miaka miwili tu baadaye, mwaka 1886, vijana wawili wasiojuana, Charles Hall wa Marekani na Paul Héroult wa Ufaransa, wakagundua kila mtu kwake njia ya kuitenga kwa umeme. Wote walikuwa na umri wa miaka 22 au 23. Nasema tena ili tusikie vizuri hapa kijiweni: miaka 22 au 23! Bei ikaporomoka, na johari ikawa sufuria.

Mtu aliyepima kasi

Sasa nifike kwa huyu bwana aliyenisumbua usingizi. Anaitwa Frederick Taylor. Mwaka 1880, katika kiwanda cha chuma kule Philadelphia, alianza kupima: chuma hiki kikatwe kwa mwendo gani? Makali yawe na pembe gani? Alidhani atamaliza kwa miezi. Ilimchukua miaka 26. Aligeuza chuma na feleji ya zaidi ya tani 360 kuwa vipande vya takataka, akitafuta jibu la swali lilelile lililonishinda mimi. Matokeo aliyatangaza mwaka 1906. Kati ya 1898 na 1900, yeye na mwenzake Maunsel White walipata namna ya kuchoma chuma cha biti kwa joto kali ili kisipoteze ugumu hata kikiwaka wekundu. Chuma cha zamani kililegea kikifika nyuzi 200 na kitu. Kipya kilivumilia karibu nyuzi 600. Ndiyo maana kikaitwa chuma cha kasi, na ndiyo hizo biti zetu za dukani.

Mpaka hapo ungempenda Taylor. Lakini soma ukurasa wa pili wa maisha yake. Alikuwa anapima mashine, na alikuwa anampima mtu pia, kwa saa ya mkononi. Alisema wazi kwamba ujuzi uliomo kichwani mwa fundi ukusanywe, uandikwe, na uwe mali ya uongozi, na fundi abaki kupewa kadi inayomwambia cha kufanya. Kasi ikatoka mkononi mwa mfanyakazi ikaenda ofisini. Wafanyakazi waligoma dhidi ya saa ile, na Bunge la Marekani likafanya uchunguzi kuhusu mfumo wake.

Nilikaa nikawaza. Huko kwao ujuzi uliandikwa, fundi akanyang'anywa. Huku kwetu haukuandikwa kabisa, na fundi anakufa nao. Lipi bora? Mimi nadhani yote mawili ni hasara. Dawa ni kwamba uandikwe na fundi mwenyewe, kwa lugha yake, ubandikwe ukutani kwake.

Mpaka uliofungwa

Mzee wangu alijifunza kazi Nairobi. Alivuka pale Isebania mwaka 1973 akiwa kijana. Wakati ule Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 1967 ilikuwa hai, na Mkurya hakuona ajabu kuvuka, kwa kuwa mpaka ule umepita katikati ya ukoo wake. Karakana aliyofanyia kazi ilikuwa na jedwali la kasi ukutani, kwa Kiingereza. Hakusoma sana, lakini alilikariri kama dua.

Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika. Mwezi wa Februari Tanzania ikafunga mpaka na Kenya, na ukakaa umefungwa mpaka Novemba 1983, nchi zilipokubaliana kugawana mali za Jumuiya. Mzee alikuwa amerudi nyumbani na biti kumi na nne kwenye kitambaa. Hizo kumi na nne ndizo alizoishi nazo. Zilipoisha makali alizinoa kwenye jiwe, akipima pembe kwa jicho, zikawa zinafupika mwaka hadi mwaka kama penseli za shule ya msingi. Kisha vikaja vita vya Kagera vya 1978 na 1979, madukani kukawa hakuna kitu, na mwaka 1983 ikaja operesheni dhidi ya wahujumu uchumi, watu wakaogopa hata kukutwa na sabuni iliyozidi. Nani angekwenda kutafuta biti za magendo?

Hapo, anasema, ndipo alipojifunza kasi kikwelikweli. Biti ukiwa nayo moja huiunguzi. Alijifunza kusikiliza. Biti inayokata vizuri inaimba sauti moja, iliyonyooka. Ikianza kupiga yowe, mwendo umezidi au imekosa kitu cha kung'ata. Ikinguruma na kukwama, mwendo ni mdogo na mkono ni mzito. Alisoma na takataka pia: zikitoka nyeupe, zimejikunja vizuri, endelea, zikitoka unga au uji, simama.

Kazi yenyewe ya aluminiamu wakati ule ilikuwa sufuria tu. Kiwanda cha Aluminium Africa kilikuwa kimeanzishwa Dar es Salaam mwaka 1960, na sufuria za viwandani pamoja na zile za mafundi wa mchangani zilikuwa ndiyo mali ya mama wa nyumbani. Mkono wa sufuria ukilegea inaletwa, inatobolewa, inapigwa ribiti. Ikipasuka, mzee anatoboa kitundu kidogo pale ufa unapoishia, ndipo anaweka kiraka. Nilimuuliza kwa nini unatoboa kitu kilichokwisha toboka. Akajibu, "Ufa una ncha kali, unatembea. Ukiuwekea duara, unapotea njia."

Tundu linaloua

Nikadhani hayo ni maneno ya sufuria. Kumbe ni maneno ya ndege.

Tarehe 2 Mei 1952 ndege ya Kiingereza aina ya Comet iliondoka London kwenda Johannesburg, safari ya kwanza duniani ya abiria kwa ndege ya jeti, ikipitia Entebbe, hapohapo kwenye ziwa letu. Namba yake ilikuwa G-ALYP. Mwili wake ulikuwa wa aloi ya aluminiamu, umeshonwa kwa gundi na ribiti. Chini ya miaka miwili baadaye, tarehe 10 Januari 1954, ndege hiyohiyo ilipasuka angani karibu na kisiwa cha Elba, Italia. Watu wote 35 wakafa. Tarehe 8 Aprili mwaka huohuo Comet nyingine ikaanguka karibu na Naples, ikaua 21. Wataalamu wa Farnborough wakachukua Comet nyingine, wakaizamisha kwenye tangi la maji, wakaijaza presha na kuitoa, tena na tena, mpaka ikapasuka. Jibu likawa ni uchovu wa metali. Katika mabaki ya G-ALYP waliufuata ufa mpaka chanzo chake: kwenye tundu la kufungia, pembeni mwa kidirisha cha antena juu ya paa. Kitundu tu, chenye ukingo usiohimili.

Siku hizi ndege ndogo za watalii zinatua Seronera kila siku, ndani ya hifadhi ya Serengeti iliyotangazwa mwaka 1951. Nikiziona zinapita juu ya Mugumu zikimetameta siwazi tena dola za watalii. Nawaza matundu. Maelfu ya matundu, na kila moja mtu alisimama mbele yake akachagua kasi, akatoboa, akakwangua ukingo mpaka ukawa laini. Abiria hamjui mtu huyo. Hakuna aliyewahi kumpigia makofi.

Tulipo leo

Tangu mlango wa biashara ulipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, na zaidi baada ya umeme kuanza kusambaa vijijini kupitia wakala uliotokana na sheria ya mwaka 2005, fremu za mbao zimerudi nyuma. Nyumba mpya Tarime, Sirari, Nyamongo na Mugumu zinataka aluminiamu na kioo. Kila mtaa una banda. Kijana ananunua drili ya mkononi, anajifunza wiki mbili, kesho ni fundi. Jioni umeme ukiwa mdogo, drili inapunguza mwendo yenyewe, yeye anaongeza nguvu za mkono, na hajui kwamba anarudia kosa langu. Dirisha linatoka limelegea. Mvua ya kwanza linavuja. Mteja anasema aluminiamu ni feki. La hasha, aluminiamu haina kosa.

Jedwali la kasi lipo. Limo vitabuni, lipo kwenye karatasi za watengenezaji wa biti, liko hata kwenye simu. Lakini karibu lote ni kwa Kiingereza, na wengi wa wanaolihitaji hawakisomi, au wanakisoma kama nilivyokisoma mimi, kwa kufaulu mtihani.

Na mzee wangu, yule aliyekuwa anaongoza mashine kwa sikio, sasa masikio yamekwisha. Miaka hamsini ya biti na msumeno imeyala. Siku hizi nikitoboa anakuja kuweka kiganja juu ya meza ya mashine, anafumba macho, anasikiliza kwa mkono. Nikikosea ananigonga begani. Lakini mkono nao unatetemeka, na mimi naona siku zinavyokwenda.

Mwezi uliopita nilinunua rangi nyeusi ya kopo dogo. Nikachora jedwali kwenye bati la ukuta, kwa Kiswahili: safu ya kwanza unene wa biti, ya pili chuma, ya tatu aluminiamu, ya nne mkanda wetu uwekwe puli gani. Chini nikaandika maneno ya mzee kuhusu mashine na mkono. Alitazama kwa muda mrefu. Hakusifu uandishi. Alisema tu kwamba kwenye milimita 8 nimekosea, nikakagua, kweli nimekosea, nikafuta nikaandika upya.

Ndiyo kazi yangu ya kwanza iliyochapishwa, ukitaka kuiita hivyo. Wasomaji wake ni wanagenzi wawili na watu wanaokuja kuchongesha funguo. Ile riwaya nimeirudia, na mhusika mkuu nimempa kazi. Ninyi mnaoandika, waulizeni baba zenu na shangazi zenu wanafanyaje wanachokifanya, kwa kipimo gani, na nani aliwafundisha. Andikeni kabla masikio hayajaisha.

Yule mama alipata madirisha yake mwezi wa sita. Nilikwenda kuyafunga mimi. Nilitoboa kila tundu kwa mkanda wa juu, tone la mafuta ya taa, mkono umetulia. Alinitolea uji, akalisukuma dirisha likateleza, akalirudisha, akalisukuma tena. Magunia alikuwa ameyafua na kuyakunja, yamekaa pembeni, akasema atayawekea mahindi.